Mkate wa Kufutia

Kwa miaka mitatu Kreszenz, binti wa mwoka mikate wa Bamberg, alimpelekea Leonhard mkate mweupe kila asubuhi. Si wa kula. Mchoraji huyo aliunyofoa ndani palipo laini, akaufinyanga, akafutia mistari ya penseli. Na Kreszenz, masikini, aliuoka bila tone la mafuta usije ukamchafulia karatasi. Mtaa mzima ulijua anangoja posa.

Mwaka huo Leonhard akamchora Kreszenz pamoja na mdogo wake, Apollonia, wameketi bega kwa bega. Picha ilipokaribia kwisha, Kreszenz akachungulia. Yeye kapewa yungiyungi mkononi, ua la Bikira Maria, na nyuma yake mnara wa kanisa. Apollonia kapewa mmea utambaao, ule ambao wapenzi huchoreana kwenye vitabu vya kumbukumbu kwa kuwa ukishika ukuta hauachii. Umepanda kiti chake mpaka begani.

"Mbona mimi umenifanya mtakatifu?"

"Si heshima hiyo, Kreszenz? Wewe mwema mno."

"Na huyu?"

"Huyu? Mtundu tu huyu."

Apollonia akaangua kicheko. "Dada naye! Hata majani unayaonea wivu?"

Ndiyo, aliyaonea. Nani humposa mtakatifu? Watu humwashia mshumaa, wakaenda zao.

Leonhard akatoka kumsindikiza Apollonia mlangoni. Mlango wenyewe uko hatua kumi, lakini walikawia. Kreszenz akanyofoa mkate wake, akafuta jani moja baada ya jingine, mpaka kiti cha mdogo wake kikabaki kitupu.

Leonhard aliporudi hakugomba. Aliinua karatasi dirishani. Penseli yake ngumu ilikuwa imechimba vijifereji, na majani yote yalikuwa bado pale, meupe. Akaketi, akaanza kuyafuatisha. Hakumwita Apollonia aje akae tena. Hakuwa na haja. Alichora huku akitabasamu, tabasamu ambalo Kreszenz hakuwahi kulipata kwa mikate ya miaka mitatu.

"Nipe kipande cha mkate," alisema bila kuinua macho. "Yungiyungi lako limeingia doa."

Kreszenz alikitazama kipande kilichobaki kiganjani, cheusi tii kwa majani ya mdogo wake. Akakitia mdomoni, akakitafuna chote.

"Umekwisha," akasema.