Chumvi ya Mama Tabu na Odeta wa Paris

Kwanza nilisikia mchi. Tu! Halafu kimya kidogo, halafu tu-tu, halafu sauti ya mwanamke ikaingia katikati ya vishindo vile kama mtu anayepita kati ya ng'ombe bila kuwagusa, ikapanda, ikakaa juu huko ikiwaza, ikashuka pole pole na kukutana na mchi pale pale ulipotua. Nilikuwa bado kitandani, saa tatu asubuhi, sioni chochote isipokuwa bati la nyumba ya kupanga, na laiti ningeendelea kuliangalia bati lile mpaka leo, kwa sababu aibu iliyoanzia hapo imenifanya nizunguke nyumba nne kila ninapokwenda sokoni. Nawasimulia nyie mwenyewe kabla Kulwa hajawasimulia, maana Kulwa anaongeza vitu. (Sikulia. Lilikuwa ni vumbi. Mtaa wote wa Makanyagio, hapa Mpanda, unajua vumbi letu.)

Mnajua nilivyokuwa. Nilikuwa nimeandika riwaya juu ya mwimbaji wa kike wa jazz, na tangu nianze kuiandika sikuongea kitu kingine. Baba yangu akisikia jazz anakumbuka bendi za dansi za ujana wake, tarumbeta na suruali pana, nami nilikuwa namsahihisha kwa upole wa daktari anayempa mgonjwa habari mbaya: hapana mzee, mimi nasema wanawake wa sasa hivi, wale wanaoimba leo. Nilikuwa nawasaka kwenye simu usiku na mchana, bando likiisha nalala njaa ya masikio. Kulikuwa na mmoja wa Afrika Kusini aliyeimba taratibu kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Kulikuwa na mwingine kutoka nchi za baridi aliyenong'ona mpaka unasogeza kichwa kwenye spika kama vile anakupa siri ya ukoo. Kulikuwa na Mmarekani mwenye sauti nzito ya mtu aliyesamehe lakini hajasahau. Kweli kabisa niliwapenda, hilo naomba mnipe. Tatizo ni kwamba nilipenda zaidi kuonekana nawapenda.

Kikundi chetu cha waandishi kilikutana sebuleni kwangu kila Jumamosi, watu wanane, na wote walikuwa wameshachoka na wanawake wangu. "Gasto," aliniambia Kulwa siku moja (Kulwa anaendesha bodaboda na anatunga mashairi akisubiri abiria), "hivi wewe hujawahi kumsikia mwanamke anayeimba mahali ambapo unaweza kufika kwa miguu?" Nikacheka. Nikamwambia sanaa haina bodaboda.

Basi, Bi Rehema akaniandikia. Huyu ni mhariri wa Dar es Salaam niliyemtumia mswada wangu, nikakaa miezi nikisubiri jibu kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Ujumbe wake ulikuwa mfupi. "Mwimbaji wako anavaa vizuri, anakaa kwenye kiti vizuri, anahuzunika vizuri, ila simsikii akiimba. Nakwenda Ikola kumwona dada yangu, Jumamosi nitapita Mpanda. Nisikilizishe hao wanawake unaowasikia wewe, ndipo niamue juu ya kitabu." Nikajibu haraka, kwa kiburi kilichonizidi umri, kwamba nitamsikilizisha watano. Niliokuwa nao ni wanne. Wa tano nilikuwa nimemsoma tu mahali, na wimbo wake ulipofika nusu kushuka kwenye simu, mtandao ukakata na haukurudi.

Na ile Alhamisi asubuhi ndipo mchi ukalia.

Aliyekuwa akiimba ni Mama Tabu, jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa kutoka milima ya Mwese, mpika vitumbua. Siku mbili kabla nilikuwa nimemfuata kinuni, nikasimama na kalamu sikioni, nikamwambia kwa adabu zote, "Mama Tabu, samahani, ungeweza kutwanga polepole kidogo? Naandika." Akaniangalia, akaangalia mihogo yake mikavu, akasema, "Sawa, baba." Nikarudi ndani nikijisifu kwa jinsi ninavyoishi vizuri na watu.

Sasa nikaisikia sauti ile na nywele zikanisimama. Sikuelewa hata neno moja, maana aliimba Kibende, lugha ya kwao Mwese, na mimi miaka miwili ukuta kwa ukuta na Wabende sikuwahi kujifunza zaidi ya salamu (na hiyo salamu nilikuwa nakosea). Nikawasha simu irekodi, nikaitia kwenye mfuko wa shati, na kwa kuwa nilitaka kusogea karibu na sikuwa na sababu, nikachukua sababu yangu ya siku zote. Nilizunguka uzio pole pole, nikamsikiliza mpaka nikashiba, kisha nikajitokeza na kuomba chumvi. Akanipa. Nikarudi na chumvi yangu huku nyuma akiendelea kuimba, nami najisemea, Mungu wangu, roho gani hii!

Nilisikiliza dakika mbili za mwanzo za rekodi ile mara zisizohesabika. Za mwisho sikuzisikiliza hata mara moja. Shikeni hapo.

Ningeweza kumwambia Bi Rehema maneno sita tu: huyu ni Mama Tabu, jirani yangu. Lakini nilijiuliza, mhariri wa Dar asafiri kutwa nzima aje asikilizishwe mpika vitumbua? Nikamtafutia mwanamke wangu wa tano jina la kupendeza, nikamwita Odeta Marvo, nikampeleka akaishi Paris, nikampa na paka.

Jumamosi alasiri sebule ikajaa. Viti havikutosha, nikaenda kuazima mabenchi mawili (kwa nani tena, kwa Mama Tabu, pamoja na birika lake). Bi Rehema akafika, mwanamke mwembamba mwenye mkoba mkubwa, akaketi kwenye benchi bila maringo na mswada wangu magotini. Wanawake wanne wa kwanza wakapita vizuri. Alifumba macho, akatikisa kichwa, kwa yule wa Afrika Kusini akasema, "Mm!" na moyo wangu ukanenepa. Nikaona kitabu kimeshachapwa.

Ndipo nikasimama kumtambulisha wa tano. Jamani, nilisema vitu! Nilisema Odeta amekataa vyombo vyote, amebaki na gogo moja la mti linalopigwa kwa mti mwingine. Jogoo alipowika kwenye rekodi nikasema hiyo ndiyo tarumbeta ya mbali, mpigaji amewekwa makusudi chumba cha pili. Kisha nikainua kidole. "Na hapa ameacha maneno. Msitafute maana. Hizi ni sauti tupu, roho inajisemea yenyewe."

Kwenye benchi la nyuma Mwalimu Edna akapaliwa na chai.

Mwalimu Edna ni katibu wetu, mtu mkimya, anafundisha sekondari, na nilikuwa nimesahau (au sikuwahi kuuliza) kwamba kazaliwa Mwese.

"Samahani," akasema akijifuta. "Endelea tu."

"Kuna nini, mwalimu?" akauliza Bi Rehema.

"Hakuna. Ila hizo sauti tupu... ni Kibende."

Nilitabasamu. Nikasema sanaa kubwa ina tabia hiyo, kila mtu anasikia lugha ya mama yake.

"Anasema nini?" akauliza Bi Rehema, na sikupenda jinsi alivyofumbua macho.

Edna akasikiliza kidogo. "Ni wimbo wa kinuni. Kwetu mwanamke akishika mchi anaweza kuimba chochote, mume, mama mkwe, mwenyekiti wa kijiji, na anayeimbwa haruhusiwi kujibu. Ukijibu, umekubali kwamba ni wewe. Huyu anasema..." akaziba mdomo kwa kanga, "anasema jirani yake ni mwanamume anayelala mpaka jua limkanyage kichwani, akiamka anasema amechoka. Anauliza, kachoshwa na nini, na shamba hana?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, na ningeendelea hivyo hivyo mpaka mwisho ningeokoka, kwa kuwa hakuna aliyejua jirani ni nani wala mwimbaji ni nani. Hata Paris wangeweza kuwapo Wabende, nani angebisha?

"Anasema ana suruali moja na maneno elfu."

Hapo watu wakaangalia suruali yangu, kwa bahati tu, nadhani.

"Anasema anaandika, anaandika, na barua haimfikii mtu."

Na mimi, mtu mzima, msomi, mbele ya mhariri niliyemsubiri nusu ya ujana wangu, nikasikia mdomo wangu ukisema kwa uchungu, "Lakini ile ni riwaya, siyo barua!"

Kwenye spika mchi ukalia, tu.

"Kajibu!" akapiga kelele Kulwa, akaruka kutoka kwenye benchi. "Jamani, kajibu! Mwanetu umekubali!"

Sebule ikalipuka. Nikakimbilia simu kuizima, Kulwa akanidaka mikono, Bi Rehema akasema, "Iache," na rekodi ikaendelea mpaka sehemu nisiyowahi kuisikiliza. Mchi ukanyamaza. Kukasikika hatua, mfuko wa shati ukikwaruza, na halafu, wazi kabisa, sauti ya Odeta Marvo ikisema kwa Kiswahili, "Marahaba, baba," na kabla yake sauti yangu mimi, laini kama ya mtoto aliyevunja sahani: "Shikamoo, Mama Tabu. Naomba chumvi kidogo."

"Ya jana haikutosha?"

"Iliisha, mama."

Hatua tena. Mchi tena. Na sauti ile nzuri ikapanda juu kuliko mwanzo, na Edna, machozi yakimtoka, akatafsiri bila kuombwa: "Amekuja tena. Ya jana aliilia mboga, ya leo sijui anailia nini, maana moshi wa jiko lake sijauona. Enyi mihogo, twangikeni polepole, bwana mkubwa anafikiri."

Kulwa alikuwa sakafuni. Sitanii. Alikuwa amelala sakafuni.

Na ni wakati huo huo Mama Tabu aliposukuma mlango, kanga kiunoni, unga mikononi mpaka kwenye viwiko, amefuata birika lake. Akasimama. Akajisikia akiimba kutoka kwenye spika yangu. Kulwa akainuka sakafuni.

"Hiyo si sauti yangu?"

Bi Rehema akainuka na kumshika mikono ile yenye unga. "Shikamoo, mama. Ni yako. Huyu bwana anatuambia unaitwa Odeta na unakaa Paris."

Nilitegemea acheke. Ningetoa chochote acheke. Aliniangalia tu, kwa muda, kama alivyoiangalia ile mihogo.

"Nimekupa chumvi," akasema, "nimekupa ndoo, leo nimekupa mabenchi ukae na wageni. Jina langu lilikuwa na kasoro gani, baba?"

Nikafungua mdomo. Mtu wa suruali moja na maneno elfu, na hata moja halikuja.

"Una nyimbo nyingine?" Bi Rehema akamuuliza.

"Mihogo haijaisha," akasema Mama Tabu. "Njooni."

Siku hizi nanunua chumvi pakiti nzima, na Mwalimu Edna ananifundisha Kibende kila Jumatano (salamu nimeipata). Nikisikia sauti ya mwanamke, iwe kwenye simu iwe nyuma ya uzio, naapa sitatamka neno juu yake kabla sijauliza mambo mawili: huyo ni nani, na anasema nini. Wale wanne wa kwenye simu nimekwenda kutafuta maana ya nyimbo zao pia. Yule wa nchi za baridi, niliyedhani ananong'ona mapenzi, kumbe anamsema mwanamume wa nyumba ya pili.

Lakini siku ile sikuwa na kiapo wala Kibende. Nilisimama pembeni ya spika nikiwaangalia wakitoka. Bi Rehema aliuweka mswada wangu dirishani, akaugonga mara moja kwa kidole. "Sasa najua kwa nini mwimbaji wako haimbi," akasema. "Umemwambia atwange polepole. Mrudishie jina lake, halafu niandikie." Akatoka. Edna akamfuata, Kulwa akamfuata akiwa bado anajifuta macho na amebeba benchi moja, wengine wakafuata na vikombe mkononi, na nje nikasikia wanagombania nani akae karibu na kinu.

Mama Tabu akawa wa mwisho, birika mkono mmoja, benchi la pili begani. Mlangoni akageuka.

"Nakufungia, baba, uandike," akasema. "Leo tutatwanga polepole."

Akauvuta mlango wa bati kwa kisigino, ukajifunga nyuma yake. Tu!