Barua za Fundi Cherehani

Simu ikitetemeka, fundi cherehani wa soko la Mangobo huacha kukanyaga pedali, hufuta vidole kwa kitambaa, ndipo hufungua barua pepe, kwani barua haipokelewi kwa mikono michafu. Amejiandikisha kwenye tovuti tatu: ya maua, ya treni za zamani na ya keki. Zote humwandikia kila wiki, naye huzijibu zote, akijisomea kwa sauti: "Bonjour. Huku tuko wazima. Na kwenu?" Pétronille, anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, meza ya pili, amechoka kumwambia kwamba barua hizo hutumwa na mashine. "Salamu ni salamu, mama," humjibu.

Mwezi jana malaria ilimlaza wiki mbili. Aliporudi, Pétronille alimcheka: barua zimefika? Fundi alifuta vidole, akamsogezea simu. Watu wa keki walikuwa wameandika: "Umepotea siku nyingi. Uko mzima?"

"Bon, mashine imeuliza," alisema fundi kwa upole. "Na wewe, mama, uliye hapa karibu, umeuliza?"

Pétronille alimfungia kipande kinono cha makayabu. Fundi alikipokea, akashukuru, kisha akafuta vidole upya, maana watu wa keki walikuwa bado wanangoja jibu.