Mchoro wa Kualikia Harusi

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuuliza watu maswali yasiyonihusu, na sijapata kazi nyingine niliyoifurahia kama ile. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza shule, mwandiko wangu mzuri, Kiingereza changu cha kutosha kubishana, na mdomo Mungu alinipa bila kupima. Mtafiti mmoja wa Kizungu, kijana mwenye miwani na pua iliyobambuka kwa jua, alikuwa na chumba cha ofisi karibu na Posta, akawa anatafuta mtu wa kumtembeza Kariakoo nyumba kwa nyumba. Alitaka kujua nani anamtembelea nani, nani akiugua anamwita nani, nani akiishiwa chumvi anabisha hodi wapi. Kwetu mambo hayo mtu akiyauliza bure huitwa mmbeya. Mimi nililipwa kila mwisho wa mwezi.

Asubuhi tulikuwa mitaani, Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Sikukuu, na mchana tulirudi ofisini kuchora. Kila mtu alikuwa nukta moja, na kila ukaribu baina ya watu wawili ulikuwa mstari mmoja. Baada ya miezi michache karatasi ile ilikuwa pana kama jamvi, imebandikwa ukutani, na mtaa wetu mzima uko pale. Ungeona wazi kwamba muuza vitumbua wa pembeni ana mistari mingi kuliko tajiri mwenye nyumba tatu, na kwamba kuna shehe mmoja maarufu ambaye, kwa siri ya Mungu, hakuna anayemtembelea.

Mtafiti alinieleza kwamba asili ya jambo hili ni watu wa hesabu, waliowahi kujiuliza kama mtu anaweza kuvuka madaraja yote ya mji fulani wa Ulaya bila kurudia hata moja. Nilimwambia kwetu Jangwani mvua ikikolea hata njia yenyewe huioni, sembuse daraja. Aliliandika hilo. Aliandika kila kitu, maskini.

Siku moja, saa kumi alasiri, walikuja marafiki zake kunywa chai, na hapo ndipo nilipopumbazika kabisa. Alikuja daktari wa afya aliyekuwa akihangaika na ndui, akaitazama karatasi, akaomba nakala. Alisema angeanza kuchanja wale wenye mistari mingi, kwa sababu ugonjwa ukiwafika wao umefika kila mahali. Alikuja fundi wa simu, akasema michoro yake ni ile ile, isipokuwa yeye hutafuta waya ambao ukikatika nusu ya mji inanyamaza. Kisha alikuja bwana mmoja aliyeshinda Feri akipasua matumbo ya samaki ili ajue nani kamla nani. Naye alikuwa na nukta zake: changu huyu, dagaa yule, na ukimfuta dagaa unahesabu wangapi watalala njaa. Alinuka, lakini alikuwa mwenye adabu.

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Wanaume wanne wenye elimu zisizohusiana, na mchoro mmoja unawatosha wote, tena mistari mingine nimeichora mimi kwa mkono wangu. Shangazi yangu alinisikiliza huku akikuna nazi, akaniuliza kama mchoro huo unaweza kumwambia nani kachukua ungo wake.

Shangazi ndiye aliyetulea, mimi na dada yangu, baada ya baba na mama kufariki. Kazi yake iliyojulikana mitaani ilikuwa kualika. Siku zile harusi haikuwa na kadi. Mwenye shughuli alimtuma mtu mzima anayeheshimika, na mtu huyo alikwenda nyumba kwa nyumba. Shangazi alivaa doti mpya ya kanga, akabisha hodi, akaingia, akaketi, akauliza hali ya mmoja mmoja mpaka ya kuku, akanywa maji hata kama tumbo limejaa, ndipo akasema maneno yake: "Nimetumwa. Alhamisi mje kuchagua mchele, Ijumaa mje harusini." Mwenyeji akajibu, "Tumeitika." Nyumba thelathini na ngapi zile zilimchukua siku mbili, na zote alikuwa nazo kichwani.

Sasa zamu ya harusi ilikuwa yetu. Dada alikuwa anaolewa, na wakwe walikuwa wanatoka Bagamoyo, watu wenye macho. Wangefika Alhamisi jioni. Msichana asiye na wazazi, watu wake ni wale watakaojaa uani kwake siku hiyo. Wakwe wakikuta uani pamejaa, wanajua wamechukua binti wa watu. Wakikuta patupu, hawasemi neno, ila binti huyo atakuja kulisikia neno hilo maisha yake yote.

Siku tano kabla, Shangazi aliteleza kwenye povu la sabuni uani, mguu ukateguka. Alikaa na mguu juu ya kinu, akaniita. Alinitajia nyumba zote kwa mpangilio wake, nani wa kutangulia na nani asijue kwamba ametanguliwa, akanipa doti yake ya kanga. Nikasema ndiyo, ndiyo, shangazi. Kichwani nilikuwa naiona karatasi ya ukutani.

Kwa nini nitembee siku mbili wakati najua nukta sita zenye mistari inayofika kote? Nilikwenda kwa muuza vitumbua, kwa mkunga, kwa muuza kahawa, kwa fundi cherehani wa barazani, kwa mwalimu wa chuo cha Korani na kwa mama mmoja wa bombani aliyekuwa gazeti kamili. Nikawaambia wote sita, tena nimesimama, kwamba Ijumaa ni harusi ya dada, Alhamisi ni mchele, tafadhali wawaambie na wengine. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza, nikakaa Mnazi Mmoja nakula machungwa. Jioni Shangazi aliuliza kama nimeanza. Nilimwambia nimemaliza, nimetembea haraka. Alinitazama kidogo, akasema ujana ni mali.

Na mchoro ulifanya kazi, nisiusingizie. Siku mbili hazikupita, na Mchaga mmoja wa duka la jumla pale sokoni, mtu wa kanisani asiyejua hata upande wa nyumba yetu, alinipa hongera nilipokwenda kuulizia vitunguu. Nilikaribia kucheka kwa furaha. Nilijiona mjanja kuliko daktari, fundi wa simu na bwana samaki ukiwaweka pamoja.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulitandika majamvi uani. Magunia ya mchele yalifunguliwa, nyungo zilipangwa. Saa tatu hakuja mtu. Saa nne alikuja paka. Dada alikuwa ndani, ametiwa hina miguuni, hawezi kutoka, na uani palikuwa kimya kiasi kwamba alisikia mimi nikihamisha ungo ule ule mara tatu. Aliniita dirishani akauliza watu wako wapi. Nilisema wanakuja. Alisema, "Wakwe wangu wanakuja. Hao wengine sijui."

Nilitoka mlangoni, nikamwona muuza vitumbua akipita na sinia lake tupu kichwani, anarudi kwake kama siku yoyote. Nilimkimbilia nikamuuliza mbona haji.

"Nimesikia harusi, mwanangu, mtaa mzima umesikia, hongereni. Lakini hukunialika. Ulisimama mlangoni ukanipa habari. Kusikia si kualikwa, na mimi siendi shughuli ya mtu kwa kusikia, kama mwenye njaa."

Kumbe kila mtu alikuwa amekaa kwake akisubiri hodi ya Shangazi, na kila saa iliyopita bila hodi ilikuwa inageuka kuwa donge. Wengine walikuwa wameshaulizana: wewe umealikwa? Mimi sikualikwa. Basi hawa watoto wa marehemu wanatudharau. Mistari yangu iliyobeba habari ya harusi ilibeba na hilo, kwa kasi ile ile.

Nilirudi chumbani kwa Shangazi, alikolazwa na mguu wake, nikamwambia kila kitu, mpaka machungwa. Hakunipiga. Aliuliza mchoro huo daktari anautakia nini, nikasema ndui.

"Ndui haibishi hodi," alisema. "Nipe kanga yangu."

Mguu ulikuwa umevimba, hauingii kiatu. Nilikimbia sokoni nikamleta hamali na mkokoteni wake, tukamweka Shangazi juu ya gunia tupu, amejifunga doti mpya, ameshika mwavuli, uso mkavu kama anakwenda baraza la liwali. Watoto walitufuata wakishangilia. Mimi nilidhani atasemea palepale mkokotenini. Nilijidanganya. Kwa magurudumu kazi ya siku mbili ilibanwa ndani ya saa chache, lakini kila nyumba alishuka. Aliniegemea begani na uzito wake wote, akabisha hodi, akaingia, akaketi, akauliza hali, akanywa maji. Sikupata kusikia akitaja mguu wala kunitaja mimi. Alisema tu amechelewa, na kuchelewa ni kwake, wamsamehe. Kisha maneno yale. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeendelea kusuka ukili wake mpaka mwisho kabla ya kusema "Tumeitika," na Shangazi alingoja, jasho linamtiririka, hakuharakisha hata kidogo. Nilijua kila kupanda na kushuka kulimkata mguuni, maana vidole vyake vilikuwa vinazama begani mwangu. Nilikuwa nalia waziwazi barabarani na sikujali nani ananiona.

Tuliporudi, alasiri ilikuwa imeingia na uani palishaanza kujaa. Wanawake walikuja na nyungo zao, visu vyao na mbuzi zao za kukunia nazi, wengine bado wamenuna, lakini mikono inafanya kazi. Kufikia magharibi mchele ulikuwa umechaguliwa, vitunguu vimemenywa, na vigelegele vilipopigwa wakwe walikuta hawana pa kupita. Nilimsikia dada akicheka ndani.

Mimi sikuingia. Nilikaa nyuma ya jiko, kwenye gogo, kati ya kuni na masufuria. Nilikuwa na haki gani ya kukaa jamvini na watu ambao nilikaribia kuwakosesha harusi? Mguu wa Shangazi, niseme hapa hapa, haukupona sawasawa. Alichechemea mpaka alipofariki.

Nilimsikia kabla sijamwona, kwa ile hatua moja nzito na moja nyepesi. Alikuja mpaka nyuma ya jiko akishika ukuta, akasimama hatua mbili kutoka nilipo.

"Hodi," alisema.

Nikasema karibu. Akajishusha polepole kwenye gogo, mguu ameunyoosha mbele, akaniuliza hali yangu, akaniuliza nimekula. Akaniomba maji, nikamchotea, akayanywa yote. Kisha akarekebisha kanga yake begani.

"Nimetumwa na dada yako," alisema. "Leo uje kuchagua mchele, kesho uje harusini."

Mchele ulikuwa umekwisha kuchaguliwa zamani. Nilimjibu kwamba nimeitika.