Nilivyompokea Babu Kaburini

Kisa hiki kinanionyesha bwege, na ndivyo nilivyo. Nilikuwa nanyanyua vyuma asubuhi na jioni, eti nijae upesi. Aliyeniambia misuli inataka kupumzika nilimwita mvivu. Siku ya kumzika babu, hapa Tabora, nilinyanyua alfajiri, nikarudia saa sita, ili nifike makaburini nimetuna.

Mjomba akasema, "Aingie huyu mwenye kifua, ampokee babu yake."

Nikashuka kaburini kwa mbwembwe. Walipomteremsha, mikono ikatetemeka, ikalegea. Babu akaniponyoka na sanda yake, akaanguka pu! Mjomba akashuka kumlaza vizuri. Mimi nikavutwa juu kama gunia la mpunga.

Nyumbani, bibi alikuwa ameshasikia. "Ulipougua kule Puge alikubeba mgongoni mpaka zahanati," akaniambia. "Hakukuangusha."