Santuri ya Kupachikia Mikono

Mama Pindo hakuweza kushona kimyakimya. Kaka yake, aliyewahi kufanya kazi redioni, alimwachia sanduku la santuri za vijana wa ng'ambo wa miaka ya themanini, wale wa magitaa makavu na vinanda vya umeme, nyuso nyeupe kama walioangukia gunia la unga. Maneno hakuelewa hata moja. Miguu yake ilielewa yote.

Kila kazi ilikuwa na santuri yake, na majina aliyapa mwenyewe kwa kutazama majalada. Kukata kitambaa ni Wadada wa Mwavuli: gitaa linakwenda chaka-chaka kama mkasi, na mwimbaji anafoka kama aliyeporwa zamu bombani. Kukunja pindo ni Nywele Wima, ngoma za mashine zisizojua kuchoka. Kupachika mikono ya nguo, kazi ya subira, ni Ukuta Mweupe: besi inatangulia, sauti inafuata kwa mbali kana kwamba mwenyewe kakaa ndani ya tangi la maji.

"Ukitaka kusikiliza moja tu maishani," aliwaambia wateja ambao hawakuuliza, "anza na Ukuta Mweupe. Inahuzunisha mpaka unasikia njaa."

Sasa binti yake alikuwa amepata mchumba, na mama wa mchumba, mwalimu mkuu mstaafu mwenye shingo ya kutazamia watu kutoka juu, alikuwa bado hajatamka ndiyo. Badala yake aliagiza gauni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba gauni lile ndilo mtihani.

"Mama, nakuomba," binti alisema asubuhi mgeni huyo alipokuwa njiani kuja kulijaribu, "leo usiwaweke hao watu wako."

"Watu gani?"

"Hao wanaolia. Atadhani tuna msiba."

Mama Pindo akafungua redio. Nyimbo za mapenzi, sauti ya chini. Mgeni akaketi kwenye kiti kizuri kusubiri mikono ipachikwe. Redio ikabembeleza. Mguu juu ya kanyagio ukakosa wa kuuongoza: mara ukimbie, mara usinzie.

"Fundi, bado?"

Fundi! Neno likamchoma kuliko pini. Mtu anayekaribia kuwa ndugu haitwi fundi. Akaharakisha, na haraka haina baraka.

Mgeni alipolivaa gauni, mkono wa kushoto ulikataa kushuka. Ulikuwa umepachikwa nyuma mbele. Ukabaki juu, kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

"Fundi," mgeni alisema polepole, "mbona nimenyoosha mkono? Mimi ndiye mwalimu."

Mama Pindo akatafuta pa kuficha uso. Binti akamtazama mama, akautazama ule mkono hewani, akaenda kuzima redio. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka Ukuta Mweupe.

"Fumua, Mama. Anza upya."

Besi ikaingia. Vikombe vikatetemeka kabatini.

"Huyu kijana amefiwa na nani?" mgeni aliuliza.

"Hajafiwa, mama," alijibu Mama Pindo, kiwembe tayari kinafumua uzi. "Hapo amefurahi."

"Akihuzunika je?"

"Upande wa pili."

Mguu juu ya kanyagio ukaishika besi, ukatembea nayo bega kwa bega, bila kukimbia wala kusinzia. Chini ya kiti kizuri, kiatu cha mwalimu mkuu kikaanza kugonga sakafu. Mwenyewe akakikazia macho, yale ya kunyamazisha darasa zima. Kiatu hakikutii.

Gauni likavaliwa tena. Mikono yote miwili ikashuka vizuri, ikatulia. Mgeni akajigeuza mbele ya kioo, akajigeuza tena, kisha akaunyanyua ule wa kushoto juu kabisa.

Mama Pindo akanyakua pini. "Unabana wapi?"

"Haubani. Nina swali, mzazi mwenzangu. Huo upande wa pili unawekwa saa ngapi?"

Binti alikuwa ameshaigeuza santuri.