Darasa Langu la Kuitikia

Mimi sauti ninayo, na sioni aibu kusema. Nikifundisha darasa la nne hapa Kakamega, wa darasa la saba hunisikia kupitia ukuta. Nilikuwa na mtindo wangu: naanza sentensi, nainua mkono, na watoto wote wanaimalizia kwa pamoja mpaka mabati yanatetemeka. Nikiuliza kama tumeelewana, wanaitikia ndiyo. Narudi ofisini kifua mbele.

Msichana mmoja wa kiti cha nyuma aliitikia kila mara, lakini daftari lake lilikuwa tupu. Masikio yake yalikuwa mazito, lakini kifaa cha kusikia alipewa kliniki, basi nikaona hana kisingizio. Kwenye ripoti nikaandika: mvivu. Mwalimu mkuu akampa mama yake mpaka mwisho wa muhula. Asipobadilika, apelekwe shule ya bweni ya viziwi, mbali na nyumbani.

Mama alikuja moja kwa moja kutoka kwenye miwa, jembe mkononi.

"Mwalimu, huyu mtoto ananisikianga vizuri jikoni. Ni hapa kwenu ndio hasikii."

Nilikasirika. Mimi, nisisikike? Lakini maneno yale hayakuniachia. Jikoni kwake ni udongo na nyasi, na anaongea na mtu mmoja. Kwangu ni saruji, mabati bila dari, viti vya chuma vinavyokwaruza sakafu na watoto hamsini.

Kesho yake, darasa likiitikia, nilitazama mdomo wake peke yake. Ulikuwa unafunguka na kufungika, macho yakichungulia mdomo wa jirani. Hakuwa anasema neno lolote. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi ndiye niliyekuwa nikilipiga. Niliona haya.

Nikafuta kuitikia. Msichana nikamleta mbele. Tulikata slipa za mpira zilizochakaa tukavisha miguu ya viti, na nikaacha kuongea nikiwa nimelipa darasa mgongo.

Mwalimu mkuu akapita dirishani. "Leo darasa lako limelala?"

"Linasikiliza," nikamjibu.

Wiki ya mwisho ya muhula mwalimu mkuu alikuja kuamua, mama akiwa amesimama mlangoni. Aliuliza swali harakaharaka, macho yake nje uwanjani. Msichana akainuka. Sikumsaidia.

"Mwalimu, naomba unigeukie," akasema. "Halafu uulize tena."

Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia hivyo. Mwalimu mkuu akageuka, akauliza upya, polepole, na jibu likaja kamili. Habari za bweni hazikutajwa tena.