Usiulize Bei, Uliza Lita

Nasema mapema, ili anayetaka kuudhika aanze sasa: mimi sikuomba ruhusa ya mtu. Sikuomba siku nilipomwacha mume aliyenifanya ngoma ya kupigwa kila Jumamosi, na sikuomba siku nilipotia hela za ng'ombe wa mama kwenye hisa. Ukoo mzima ulinisema. Baadhi ya walionisema wameshatangulia, na waliobaki siku hizi wananisalimia vizuri tu.

Kwetu mlimani kihamba ni cha wanaume. Kihamba ni shamba la nyumbani, migomba na kahawa pamoja, na makaburi ya wazee mle mle. Mtoto wa kiume wa mwisho hurithi nyumba ya baba na shamba linaloizunguka. Binti huolewa, na huko alikoolewa ndiko atakakolima na ndiko atakakozikwa. Sasa binti akirudi je? Hapo kila mtu huangalia chini. Mimi nilirudi na mtoto wa kike mgongoni, nikapanga chumba mtaa wa Pasua, kule chini mjini, nikaendelea na ukarani wa hesabu katika ofisi moja ya umma mjini. Mara ikaja miaka ile ya soko huria, mashirika yakauzwa, nasi makarani tukapewa barua za kupunguzwa kazi. Nikabaki na mtoto, kodi ya chumba, na kichwa kinachojua kusoma mizania ya kampuni.

Kahawa ni ya wanaume, lakini ndizi na maziwa ni ya wanawake, na hilo hata baba hakuwahi kulibishia. Mama alikuwa na ng'ombe wake. Ng'ombe wa kwetu hachungwi, anakaa bandani na majani yanamfuata. Mama aliyafuata tambarare, akapanda nayo mlima kichwani, miaka na miaka, mpaka utosini nywele zikakataa kuota. Baba alipofariki, mdogo wangu wa kiume akarithi kila kitu isipokuwa banda lile.

Siku moja ya soko mama aliteremka Pasua na tenga la ndizi. Akazitoa ndizi moja moja, na chini ya ndizi kulikuwa na bahasha. Alikuwa ameuza mtamba wake, ndama aliyemlea mwenyewe mpaka akafikia kupandwa.

"Hizi ni zako," akasema. "Mdogo wako ana kihamba. Wewe katafute kitu ambacho hakuna mtu atakuja kukuambia toka."

Nililia, sifichi. Na nilijua kwamba hela ile ikipotea hakuna nyingine. Mama hakuwa na mtamba wa pili.

Siku hizo redio ilikuwa inatangaza kila asubuhi kwamba serikali inawauzia wananchi hisa zake katika kiwanda kimoja kikubwa. Nikaenda benki kuchukua waraka wa matarajio, kile kitabu ambacho kampuni hujieleza kabla ya kuuza hisa: faida yake, madeni yake, na mambo yanayoweza kuiharibu. Nikapanda nacho nyumbani. Mama alikuwa anakamua, nami nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kumsomea. Kila hisa shilingi mia tano.

"Usinitajie bei," akanikatiza. "Mimi nikienda kununua ng'ombe naanza na bei? Anatoa lita ngapi?"

Aisee, nilimtazama mama yangu. Makarani wote niliofanya nao kazi hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri namna ile. Nikatafuta faida ya mwaka, nikaigawa kwa idadi ya hisa. Kila hisa ilikuwa imeingiza kama shilingi themanini.

"Kwa hiyo anajilipa kwa miaka mingapi?"

Nikagawa mia tano kwa themanini. "Sita na kitu."

"Mimi ng'ombe wangu mwisho miaka mitano." Akafikiri, mkono haujaacha kukamua. "Lakini huyu hazeeki upesi. Na anakula nini?"

Nilimwelewa. Ng'ombe anayekula kuliko anavyokamuliwa hata akiwa mzuri vipi ni hasara. Nikamsomea madeni: kwa kila shilingi mia ya wenye kampuni, walikuwa wamekopa kama thelathini. Akaguna kwamba inabebeka. Kisha akauliza la mwisho, lile ambalo mpaka leo nawauliza wanaojifanya wajuzi wa mjini: "Na ndama je? Maziwa yote ananyonya ndama, au na sisi tunapata kikombe?"

Nusu ya faida walikuwa wanagawa kwa wenye hisa, nusu wanairudisha kiwandani kukikuza. Nikamwambia. "Nusu kwa nusu," akasema. "Ndama atakua na chai tutakunywa. Kanunue."

Kumbe mdogo wangu naye alikuwa na ya kwake. Alikuwa amepata uwakala wa kampuni moja ya malori, ya watu binafsi, iliyokuwa ikiuza hisa zake mkono kwa mkono, haiko kwenye soko lolote. Kila hisa shilingi hamsini. Alikuwa ametia humo hela yake yote ya kahawa na sasa anazunguka kijijini akiwauzia wengine. Alipopata fununu ya bahasha yangu, akaitisha kikao cha familia Jumapili baada ya misa.

Kabla ya kikao nilifanya jambo moja. Nilimwomba karatasi za kampuni yake. Akanipa mbili, zenye picha ya malori kumi yaliyojipanga. Nikapanda gari mpaka Holili mpakani, mahali malori yalipodaiwa kuvuka kwenda Kenya kila siku. Nikakaa kwa mama lishe mmoja, nikaagiza chai, nikauliza. Yule mama alicheka mpaka akaweka upawa chini. Malori ya kampuni hiyo aliyajua: yalikuwa mawili, na moja lilikuwa nyuma ya kibanda chake, limewekwa juu ya mawe, kuku wanatagia humo.

Jumapili ikafika. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, baba mkubwa amekaa kwenye kiti chake, wajomba na mashemeji wamejaa ukumbini. Nikampa shikamoo kila aliyestahili, nikakaa. Mdogo wangu akasimama.

"Dada yangu ni msomi," akaanza, "lakini hesabu hii hata mtoto wa darasa la pili anaijua. Huko anakotaka yeye, mia tano unapata hisa moja. Kwangu, mia tano hiyo hiyo unapata kumi. Kumi! Sasa nani ana mali, mwenye mgomba mmoja au mwenye migomba kumi?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Na hapo ndipo palipokuwa na kosa letu watu wa mlimani, kwani tumezoea kuhesabu mashina. Ukiniambia una migomba mia nitakuheshimu kabla sijauliza kama inazaa.

Nikasimama bila kupewa ruhusa. "Migomba kumi isiyo na mkungu hata mmoja ni kuni mbichi," nikasema. "Kwa karatasi zako mwenyewe, kila hisa yako inaingiza shilingi moja kwa mwaka. Hamsini gawanya kwa moja. Mtu akinunua leo anajilipa baada ya miaka hamsini. Baba mkubwa, shikamoo tena, wewe miaka hamsini utakuwepo? Na kwa kila mia ya wenyewe, wamekopa mia tatu. Halafu nimetoka Holili. Malori ni mawili, na moja kuku wanatagia."

Wapi! Nilidhani wangeshtuka. Badala yake walichukia. Shemeji mmoja akasema mwanamke aliyeshindana na mume hatashindwa kushindana na ndugu. Baba mkubwa akatamka kwamba hela ya ng'ombe aliyekula majani ya kihamba ni hela ya kihamba, kwa hiyo niirudishe kwa mdogo wangu aiendeleze.

"Majani yalitoka tambarare," nikamjibu. "Kichwani kwa mama. Mnataka awaonyeshe utosi?"

Mdogo wangu akanisogelea. Alikuwa amekunywa, lakini si kwamba pombe ndiyo iliyosema. "Haya, nenda na karatasi zako. Na siku ukifa je, dada? Huku huna shamba, kule kwa mumeo umekimbia. Tukuzike kwenye hizo karatasi?"

Watu wakacheka. Mimi ni mkali, kila anayenijua anajua, ila siku ile sikumtukana hata. Nilimchukua mwanangu, nikashuka mlima kwa miguu mpaka mjini, nimekasirika hivi kwamba sikuhisi mawe. Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza benki. Nikaijaza fomu kwa jina langu mimi, herufi kubwa.

Hati ya hisa ikaja, nikaifungia kwenye sanduku la bati. Hazikupita wiki nyingi tangu hisa zianze kuuzwa sokoni Dar es Salaam, bei ikashuka mpaka mia nne. Ee Mungu wangu! Habari ilipanda mlimani kabla hata sijanunua gazeti. Mdogo wangu alikuja Pasua, akasimama dirishani, akasema kwa sauti ili wapangaji wote wasikie: "Uza dada, uza upesi kabla haijawa karatasi ya kufungia maandazi!"

Niliogopa. Usiku sikulala, asubuhi nikapanda kwa mama. Nikamkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Bei imeshuka, mama. Hisa zetu zimeshuka."

"Ng'ombe amepunguza maziwa?"

"Hapana. Faida ni ile ile. Imezidi kidogo hata."

"Sasa unaniambia nini? Bei ya mnadani ni ya anayeuza. Wewe unauza?" Akanipa kisu nimsaidie kukata. "Kwa bei hiyo anajilipa kwa miaka mitano. Ningekuwa na mtamba mwingine ningeuza tuongeze."

Sikuuza. Waliponiuliza njiani nikawajibu ng'o! Gawio la kwanza lilikuja kwa hundi, dogo tu, likalipa ada ya mwanangu na mama akapata blanketi. La pili likawa kubwa kidogo. Mwaka baada ya mwaka nilisoma taarifa ya kampuni kama wengine wanavyosoma sala za novena, nikimpelekea mama majibu ya maswali yake manne bandani. Halafu mama akaugua kifua, akafariki. Tulimzika kihambani, karibu na mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee, mahali alipopenda kunawa miguu.

Kampuni ya malori ilikufa mwaka uliofuata. Ofisi yao ya mjini ilikutwa imefungwa, kibao kimeng'olewa. Watu ambao mdogo wangu aliwauzia hisa hawakwenda kuitafuta kampuni. Walimjia yeye, nyumbani, na wengine walikuwa na mapanga. Ili awalipe, akapata tajiri mmoja wa mjini wa kumwuzia kipande cha kihamba. Kipande chenyewe kilikuwa kile cha mfongoni. Tajiri alitaka kujenga, akasema kaburi linaweza kuhamishwa.

Asubuhi moja nilifungua mlango nikamkuta mdogo wangu amesimama na sale mkononi. Sale ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu akikuletea jani lake limefungwa fundo, amekuomba msamaha, na kwetu anayekataa sale anajitafutia laana.

Nikalipokea. Nikamkaribisha ndani, nikamwekea chai. Alikuwa amekonda, nami nilimwonea huruma, kwa sababu ni yule yule niliyembeba mgongoni.

"Nisaidie dada," akasema. "Nasikia hisa zako zimepanda."

Zilikuwa zimepanda kweli. Mjini wote walikuwa wameshikwa na homa ya hisa, bei imefika elfu mbili. Lakini mimi nilikuwa nimeshagawa: faida ilikuwa shilingi tisini tu kwa hisa. Miaka ishirini na miwili ya kujilipa! Mama angesema ng'ombe wa bei hiyo mpe anayemtaka.

"Msamaha nimekupa," nikamwambia. "Jani nimelipokea na sitalitaja tena lile neno lako mbele za watu. Ila sale linaomba msamaha, haliombi hela. Kipande cha mfongoni uza, lakini uniuzie mimi. Bei ile ile ya tajiri, na karatasi iandikwe mbele ya mashahidi."

Baba mkubwa, mzee sana wakati huo, akaitisha kikao. Mwanamke hanunui kihamba cha kwao, akasema, haijapata kutokea.

"Baba mkubwa," nikamwuliza, "huyo tajiri wa mjini ni wa ukoo gani?"

Sikumpa nafasi ya kujibu. Nikasema, "Mtu baki atakayemfukua mama mnampa mkono, na mimi niliyezaliwa humu mnanikatalia? Thubutu! Leteni kalamu."

Nikauza hisa zangu nyingi, nikabakiza chache za kunikumbusha. Siku ya kuweka mpaka tulikwenda wawili tu, mimi na mdogo wangu, na fungu la miche ya masale. Tulipofika kwenye kaburi la mama nikasimama upande wake wa kushoto, penye nafasi.

"Uliniuliza siku moja mtanizika wapi," nikasema.

Alijua. Macho yakamjaa machozi, na mimi sikumsaidia kuyafuta.

"Ni hapa," nikamwambia. "Na mwanangu akirudi siku moja kama nilivyorudi mimi, asiambiwe toka."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akashika jembe, akaniuliza mpaka upite wapi, nami nikamwonyesha.